Je, Wajua Kwa Nini Tango Haina Ngoma?

Kwanza tuondoe la kachumbari mezani. Ngeli zimetusaidia: tango hili ni la kukatwa vipande na kutiwa ndimu, tango hii ni ya kuchezwa. Nazungumzia hii, iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye kingo mbili za mto Río de la Plata, Buenos Aires upande wa Argentina na Montevideo upande wa Uruguay, katika mitaa ya wahamiaji, mabaharia, wachunga ng'ombe waliohamia mjini na wajukuu wa watumwa. Historia yake ni ndefu na wapo walioiandika vizuri. Mimi nina swali moja dogo tu, ambalo nililijibu vibaya kwa muda mrefu, tena mbele za watu: ngoma iko wapi?

Swali lilinijia nikiwa Buenos Aires, mbele ya kipande cha nyama kilichozidi sahani. Huko kuna biashara kubwa ya "chakula na tango". Gari dogo linakupitia hotelini, unaketishwa meza moja na watu usiowajua, unaletewa empanada, ambazo ni kama sambusa za kuokwa, kisha nyama, na ukikaribia kumaliza taa zinazimwa. Wachezaji wanaingia, viatu vinang'aa, ukumbi mzima unatazama miguu.

Mimi nilitazama bendi. Nimezoea kulihesabu kundi la taarabu kabla halijaanza kupiga, nami nikahesabu vivyo hivyo. Fidla zipo. Besi lipo, ile fidla kubwa ya kusimama. Piano ipo. Kile cha kukunjuka na kukunjwa, nilichodhani ni akodiani, vipo viwili. Sasa dumbaki? Rika? Hakuna. Hata kikombe na kijiko hakuna. Lakini mapigo yalikuwa yakinifikia kwenye kiti, na maji kwenye glasi yangu yalikuwa yakitikisika.

Nikakata shauri kwamba mpiga ngoma yuko nyuma ya pazia. Baadaye, nilipochungulia nikaona nyuma ya pazia ni ukuta, nikabadilisha kesi: wanachezea kanda. Niliporudi nyumbani niliwaeleza jamaa hivyo, kwa uhakika wa mtu aliyelipa kiingilio. Sikuwa na ushahidi wowote.

Lugha yetu nayo ilichangia kunipotosha. Kwetu ngoma ni chombo, na ngoma ni mchezo wenyewe. Ukiniambia kuna ngoma isiyo na ngoma ni kama kuniambia kuna chai isiyo na maji. Kwa hiyo sikuuliza kama ipo. Niliuliza imefichwa wapi, na baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba swali langu bovu lilikuwa karibu na ukweli kuliko majibu yangu yote.

Kabla ya kufika huko, kuna jibu moja baya zaidi ambalo bado nalisikia, nami niliwahi kulisema: tango haina ngoma kwa sababu ni muziki wa Wazungu. Linasikika la busara. Fidla ni ya Ulaya, piano ni ya Ulaya, na hata kile nilichokiita akodiani kilitoka Ujerumani. Jina lake bandoneoni, limetokana na Heinrich Band, mwuza vyombo wa mji wa Krefeld katika miaka ya 1840. Wachezaji wenyewe jukwaani ni weupe. Kesi imekwisha.

Haijakwisha. Sensa ya 1778 iliwakuta watu wenye asili ya Afrika wakiwa karibu 3 kati ya kila wakazi 10 wa Buenos Aires. Wengi walitoka Kongo na Angola, na wengine pwani ya Msumbiji, jirani zetu kabisa. Walikuwa na vyama vyao kwa jina la "mataifa", Wakongo na chao, Wabenguela na chao, Wamsumbiji na chao, na kila chama kilikuwa na mahali pa kukutana na kupiga ngoma. Sehemu za Monserrat na San Telmo zilijulikana kama mtaa wa ngoma. San Telmo ndiyo hiyo ambako leo watalii hupelekwa kula nyama na kutazama tango. Neno lenyewe "tango", kabla ya kuwa jina la mchezo huu, lilitumika mwanzoni mwa karne ya 19 kwa mikusanyiko ya Waafrika ya kucheza ngoma. Asili ya neno inabishaniwa. Wapo wanaolipeleka kwenye lugha za Kibantu, wapo wanaolirudisha Hispania, na kila upande una msamiati wake wa kukutupia. Mimi singeweka dau, ila matumizi hayo ya zamani yamo kwenye maandishi.

Ilipofika sensa ya 1887, weusi walihesabiwa chini ya 2 kati ya 100. Vita vinatajwa, homa ya manjano ya 1871 inatajwa, mafuriko ya wahamiaji kutoka Italia na Hispania yanatajwa, na yanatajwa pia makarani waliokuwa wakiwaandika watu rangi nyingine. Uzito wa kila sababu wanahistoria bado wanavutana juu yake. Linaloonekana wazi ni kwamba tango ilikua wakati uleule ngoma zilipokuwa zikitoweka hadharani upande huo wa mto.

Upande wa pili hazikutoweka. Kule Montevideo kandombe, ngoma ya wenye asili ya Afrika, inapigwa barabarani mpaka leo kwa ngoma za aina tatu, chiko, repike na piano (hiyo piano ni ngoma, usichanganyikiwe), na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Mwaka huohuo iliiingiza na tango.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe. Nani anashika mapigo?

Fikiria kinu. Watu wawili wanatwanga katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wanapokezana. Hakuna anayehesabu. Hakuna anayewapigia makofi. Wala michi haigongani. Inawezekanaje? Kwa sababu pigo la mchi halianzi pale unapogonga mahindi. Linaanza juu, mkono unapopinda, mchi unaposita kidogo hewani, kisha unaposhuka. Mwenzako anauona mshuko, hausubiri mshindo. Mshindo ukija, yeye ameshaanza kupandisha wake. Pigo la kinu lina mteremko wa kuingilia.

Ngoma ikipigwa kofi moja kali ni kama mshindo peke yake: pa. Umeusikia, umeshapita. Wapiga tango wanafanya kile cha mchi. Mpiga besi anaanza kusugua uta kidogo kabla ya pigo, sauti inavimba, inakokotwa, halafu inatua kwa uzito. Mpiga piano anaburuta noti chache za chini kuelekea ileile anayotaka kuitua. Wao huita mbinu hii arrastre, yaani kukokota. Mchezaji anayetembea kwa muziki huo, na tango kwa sehemu kubwa ni kutembea tu, anaweza kuinua mguu sauti inapoanza kukokotwa na kuuweka sakafuni inapotua. Hahitaji kuambiwa pigo liko wapi, maana ameliona likishuka.

Bandoneoni ndiyo inayolionyesha hili kwa macho. Mpigaji huiweka pajani, mara nyingi mguu ukiwa juu ya kistuli. Ina vitufe 71 kwenye aina inayotumika zaidi katika tango, na kitufe kimoja hutoa noti moja ukivuta na nyingine ukisukuma, jambo ambalo lingetosha kumfanya mtu mwenye akili timamu achague gita. Anapotaka pigo zito, anainua paja na kuliacha lishuke, pande mbili za kinanda zinaanguka kila moja upande wake, na upepo unaingia kwa kishindo. Ni uzito wa chombo unaopiga, pamoja na vidole. Kisha hufungua tundu la hewa, anakikunja haraka bila mlio, na kuwa tayari kwa pigo jingine. Mchi umepanda tena.

Ukitaka kuusikia mteremko huo bila kupanda ndege, tafuta La Yumba, wimbo wa mpiga piano na kiongozi wa bendi Osvaldo Pugliese, uliorekodiwa 1946. Jina ni mlio wenyewe. "Yum" ni bendi yote ikikokota na kutua kwenye pigo la kwanza na la tatu. "Ba" ni besi na mkono wa kushoto wa piano vikijibu chini kwenye la pili na la nne. Yum-ba, yum-ba. Mtu aliyekulia karibu na kinu hahitaji maelezo zaidi.

Si kila bendi inakokota hivyo. Kiongozi wa bendi Juan D'Arienzo, hasa baada ya Rodolfo Biagi kukaa kwenye piano yake mwishoni mwa 1935, alipiga mapigo makavu yanayodunda kama mashine ya cherehani, watu wakafurika kumbini, akaitwa Mfalme wa Mapigo. Mfalme huyo naye hakuwa na ngoma.

Hapo ningeweza kuishia, niseme ngoma haipo kwa sababu haihitajiki. Lakini kuna sauti nyingine niliyoisikia usiku ule, tak-tak kavu kama kijingoma, na hiyo mchi hauielezi. Hiyo ndiyo iliyonifanya nichungulie nyuma ya pazia.

Ilikuwa fidla. Mpigaji anaweka kidole cha mkono wa kushoto kando ya uzi mnene kiasi kwamba kucha inaugusa bila kuubana, kisha anaudonoa kwa mkono wa kulia. Uzi unagongana na kucha, unatoa mlio mkavu usio na wimbo. Unajua wanauitaje? Tambor. Ngoma. Wana pia mbinu wanazoziita msasa na nyenze, ambapo uta unasuguliwa nyuma ya daraja la fidla, pale kipande cha uzi ni kifupi, ukatoka mkwaruzo. Wana mjeledi, kidole kikiparamia uzi mpaka juu kwa haraka. Wa bandoneoni wanagonga mbao za vinanda vyao. Mpiga besi anapiga nyuzi kwa mti wa uta na kuzichapa kwa kiganja, mbinu iitwayo kanyenge, na sifa ya kuiingiza kwenye besi la tango hupewa Leopoldo Thompson, Mwargentina mweusi aliyepiga na kiongozi wa bendi Francisco Canaro na kufariki 1925.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Nilipoijua nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimetafuta ngoma nyuma ya pazia, na kumbe ilikuwa mbele yangu, kwenye kiganja cha mpiga besi, mahali ilipowekwa na mjukuu wa Afrika miaka 100 iliyopita.

Kwa nini basi hawakuiweka ngoma yenyewe, ikaisha? Hapa natembea kwa tahadhari. Tangu enzi za Wahispania watawala wa miji ile walipiga marufuku mikusanyiko ya ngoma mara kwa mara, na amri hizo zipo. Bendi za mwanzo za tango zilikuwa filimbi, fidla na gita, vitu vya kubeba kwapani kutoka mkahawa hadi mkahawa, nalo ni jambo la kawaida kwa wapiga muziki maskini popote. Kisha, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, tango ikapendwa Paris na kurudi nyumbani ikiwa imevaa suti, na sidhani kama matajiri wa Buenos Aires walikuwa wakiomba ngoma zaidi. Yote matatu yanawezekana kwa pamoja. Atakayekupa sababu moja tu kwa uhakika, mwulize kama naye alilipa kiingilio.

Na usichukue kichwa cha makala hii kama sheria. Osvaldo Fresedo aliwahi kuingiza ngoma za jazi na vibrafoni kwenye bendi yake. Alberto Castillo, katika miaka ya 1940, aliimba kandombe jukwaani akiwa na wapiga ngoma na wachezaji weusi. Tango za kompyuta za miaka ya karibuni zina midundo ya mashine. Nilichokieleza ni bendi ya kawaida, ile utakayoikuta kwenye chakula.

Ukienda, meza za mbele zina bei kubwa, na kutoka pale utaona soli za viatu kuliko kitu kingine. Kumbi nyingi huipandisha bendi juu, kwenye roshani au nyuma ya jukwaa. Chukua meza ya pembeni, ya bei ya chini, upande wa besi, utazame mkono wake wa kulia. Mara ya pili nilifanya hivyo. Nilimtazama kuanzia wimbo wa kwanza mpaka mapumziko, nyama ikapoa, nikaila hivyohivyo.