Jicho si kamera, na kujua kizuri mtu hazaliwi nayo

Huku Lubumbashi utasikia batu wanasema "ule iko na jicho, alizaliwa nayo", sawa vile wengine tulipewa kamera mbovu. Hapana. Nyosha mukono uangalie kidole gumba, ile sehemu unaonaka wazi kabisa ni kama upana wa ukucha tu, pembeni yote ni ukungu, na macho inaruka karibu mara 3 kwa sekonde, kisha ubongo unajaza mengine na vile ulisha kuona zamani. Kuona ni kuchagua, bwana.

Angalia fundi wa kushona kule komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi, umuletee kikwembe (kitenge): mbele ya kupima anakikunjua, anageuza ua kubwa mpaka likae katikati ya mugongo, njo anashika mukasi. Wewe uliona maua, yeye aliona nguo. Hiyo ni vitambaa vya miaka yote vimejaa kichwani, na wazo jipya linatoka mule mule, si kichwa tupu kama batu wanavyowaza.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa atelie ya kuchora, Le Hangar, akakataa wanafunzi wakopie Wazungu. Kati ya wanafunzi wake, Bela akapaka rangi na vidole, Mwenze akajaza mistari mifupi mifupi, Pilipili samaki na ndege. Atelie moja, macho tofauti kabisa!

Ila kujua kizuri kunaweza pia kukuziba, ukianza kuhukumu na mstari wa kwanza utafuta kila kitu, afazali uchore mingi mibaya kwanza, kuchagua utachagua kesho.