Ustahimilivu wa platuni: dodoso halimpimi mtoto wako

Wazazi wengi wa Moshi na Arusha wenye vijana JKT au jeshini wanatuuliza sisi watafiti jambo moja: "Mwanangu amejazishwa dodoso la akili, ana tatizo gani?" Hana tatizo. Tumelijibu hili mara nyingi na tutaendelea kulijibu. Dodoso la ustahimilivu wa kikundi, yaani uwezo wa kikundi kurudi katika hali yake baada ya pigo, halitafuti ugonjwa wa akili, na jibu la mtu mmoja pekee halitumiki kwa lolote.

Waliokulia Uchaggani wafikirie mfongo, ule mfereji wa kijiji unaopeleka maji mashambani. Masika yakiubomoa, hakuna anayeuliza nani ana misuli kijijini. Swali ni watu walitoka kesho yake au baada ya wiki tatu, nani aliwaita wakaitika, na maji yalirudi lini migombani. Kijiji cha watu wenye nguvu wasioaminiana kinaweza kumaliza mwezi bila maji. Platuni, yaani kikosi kidogo cha askari, nayo ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana swali haliandikwi "mimi huvumilia shida", bali "platuni yetu hurudi haraka katika hali yake baada ya pigo". Na wastani peke yake unadanganya. Chukua platuni mbili, kila moja imepata 3.5 kati ya 5. Katika ya kwanza nusu wametoa 4 na nusu 3. Katika ya pili nusu wametoa 5 na nusu 2. Hiyo ya pili ni makundi mawili yanayolala bweni moja, na kamanda anayesoma wastani tu hataliona hilo. Kwa hiyo tunapima kwanza kama wanakubaliana. Tena tunapima zaidi ya mara moja, kabla ya zoezi gumu na baada yake, kwa sababu kipimo cha siku moja kinaonyesha ari ya siku hiyo tu. Majibu tunayalinganisha na utoro, idadi ya wanaoripoti wagonjwa, na muda ambao platuni inachukua kujipanga upya kiongozi wake akiondolewa ghafla katikati ya zoezi.

Wapo wanaosisitiza kwamba kipigo ndicho kinachojenga ukakamavu. Tunaomba dhana hii iachwe. Mwaka 1948 Shils na Janowitz, walipochunguza jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili, walieleza kwamba askari walishikilia zaidi kwa sababu ya kikundi chao kidogo na viongozi waliowajali kuliko kwa sababu ya siasa za Hitler. Lakini mshikamano wa askari kwa askari bila uongozi mwema nao ni hatari. Kanada ilikivunja kikosi chake cha Airborne, cha askari wa miamvuli, mwaka 1995, baada ya kijana wa Kisomali kuteswa hadi kufa mikononi mwa askari wake mwaka 1993. Mshikamano haukukosekana pale. Kwa hiyo tunauliza pia kuhusu imani kwa kamanda, na kama kuruta anaweza kumwambia afande kosa bila kuogopa.

Kuhusu siri, utaratibu ni huu. Kijana anasaini ridhaa kwanza, na anaweza kukataa. Afande wake hakai chumbani. Karatasi haina jina wala namba ya jeshi, na anayejaza ndiye anayefunga bahasha. Kundi la watu chini ya kumi hatulitolei matokeo, maana majibu yangeweza kumtambulisha mtu. Fomu za ridhaa, ambazo ndizo zenye majina, zinafungiwa kabati tofauti, na hapo inaingia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Mtu anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria hiyo anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mtafiti hana msamaha.

Matokeo ya kikosi kwa jina hatuyatoi kwa mzazi, mwandishi wala mwanasiasa, hata akija ofisini na barua. Kijana aliyebadili mawazo anaweza kuomba karatasi yake itolewe kabla bahasha hazijachanganywa. Zikishachanganywa, hata sisi hatuwezi kuijua ipi ni yake.