Je, Wajua Kwa Nini Bunduki Nyepesi Humpiga Mlengaji Teke Kali Zaidi?

Wanafunzi wanaoletwa kutembelea Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hukuta mizinga ya kale imelazwa juu ya vigari vyenye magurudumu madogo. Wengi hudhani kuwa magurudumu hayo yaliwekwa kwa ajili ya kuihamisha mizinga tu. Kumbe yalikuwa na kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuuacha mzinga urudi nyuma kila ulipofyatuliwa, kwa sababu mzinga uliofungwa pasipo nafasi ya kurudi ungeweza kukivunja kigari chake. Bunduki ya mkononi haina magurudumu, na kwa hiyo kigari chake ni bega la mlengaji. Hapo ndipo linapozuka jambo linalowashangaza watu: bunduki ndogo na nyepesi, ile ambayo mzazi angeona inamfaa kijana wake, ndiyo inayopiga teke kali zaidi.

Sababu yake inatokana na kanuni aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, kwamba kila msukumo una msukumo mwingine ulio sawa nao na unaoelekea upande wa pili. Anayeruka kutoka kwenye mtumbwi ili akanyage gati la Bandari ya Kale huusukuma mtumbwi nyuma, na asipokuwa mwangalifu huishia majini. Akiruka vivyo hivyo kutoka kwenye jahazi lililosheheni shehena, jahazi halitikisiki. Nguvu ya miguu yake haikubadilika. Kilichobadilika ni uzito wa chombo alichokikanyaga. Risasi nayo huisukuma bunduki kwa namna hiyohiyo, tena haiko peke yake, kwani gesi ya baruti inayotoka mtutuni kwa kasi kuliko risasi yenyewe huongeza sehemu kubwa ya msukumo huo, jambo ambalo wengi hulisahau.

Tuchukue mfano wa risasi ya .308 Winchester, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952 na ambayo wawindaji wa kulungu nchini Marekani huitumia sana. Kichwa chake chenye uzito wa gramu 9.7 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 860 kwa sekunde, kikisukumwa na baruti isiyozidi sana gramu 3. Ukijumlisha msukumo wa risasi na wa gesi, bunduki ya kilo 3.4 hurudi nyuma kwa kasi ya karibu mita 3.5 kwa sekunde, na nishati inayolifikia bega ni kama jouli 21. Sasa mpe kijana bunduki ya kilo 2.7, yenye kitako kilichofupishwa kulingana na mikono yake, huku risasi ikiwa ni ileile. Kasi ya kurudi nyuma hupanda hadi mita 4.4 kwa sekunde, nayo nishati hufika jouli 26. Mwenye mwili mdogo amepewa pigo kubwa kuliko la baba yake.

Kwetu Kenya suala hili halimgusi mzazi moja kwa moja, kwa kuwa uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977 na katazo hilo lingalipo hadi leo. Nchini Marekani, kinyume chake, kila jimbo hutunga kanuni zake za uwindaji, na majimbo mengi hutenga msimu maalumu wa vijana wanaowinda kulungu wakiwa pamoja na mtu mzima. Ndiyo maana swali la teke hujadiliwa sana huko.

Maumivu ya bega si sehemu mbaya kuliko zote. Kijana aliyepigwa mara chache hujifunza kulitarajia pigo, na mwili wake huanza kujikaza na macho kufumba kabla kidole hakijamaliza kuvuta kifyatulio. Mtutu huyumba wakati huohuo, na risasi inayoyumba namna hiyo huweza kumjeruhi mnyama bila kumwua, akakimbia na kufa taratibu mbali na macho ya watu. Mlio nao huchangia sana, kwa kuwa bunduki za aina hii hutoa sauti inayovuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuliharibu sikio kwa mlio mmoja tu. Kwa hiyo vizibo vya masikio ni vya lazima hata kama teke limepunguzwa.

Zipo njia kadhaa za kulipunguza. Mpira laini unaobandikwa mwishoni mwa kitako huurefusha muda wa pigo, nao ni msingi uleule uliotumika katika mzinga wa Ufaransa wa milimita 75 wa mwaka 1897, ambao mtutu wake ulirudi nyuma juu ya mfumo wa mafuta na hewa huku kigari kikitulia mahali pake. Kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu huielekeza gesi pembeni na kupunguza teke kwelikweli, lakini huzidisha mlio unaowafikia mlengaji na aliye karibu naye, na kwa maoni yangu hakimfai anayeanza. Kuongeza uzito wa bunduki kunasaidia pia, ila kijana atachoka kuibeba kabla hajamwona kulungu.

Njia inayobaki ni kuipunguza nguvu risasi yenyewe. Viwanda vingine huuza risasi za namna hiyo, na wawindaji wengine hujitengenezea nyumbani kwa vipimo vilivyochapishwa na watengenezaji wa baruti. Kichwa cha gramu 8.1 kikisukumwa kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde, na baruti ikiwa takriban gramu 2, bunduki ileile ya kilo 2.7 hurudi kwa kasi ya karibu mita 3 kwa sekunde badala ya 4.4. Kasi imepungua kwa theluthi moja, lakini nishati inashuka kutoka jouli 26 hadi kama 12, yaani chini ya nusu, kwa sababu nishati hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe.

Mtu angedhani basi kwamba kazi ni kupunguza baruti tu, na hapo ndipo penye hatari. Baruti inayoungua polepole ikiwekwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa hubakiza nafasi tupu, huwaka bila mpangilio, na shinikizo lake huweza kuruka ghafla hadi kuiharibu bunduki. Inayoungua haraka huwaka vizuri hata ikiwa kidogo, lakini kwa kuwa inachukua nafasi ndogo, anayejaza anaweza kuitia mara mbili katika ganda moja na isimwagike. Nguvu ikiwa ndogo kupita kiasi, kichwa cha risasi hukwama mtutuni, na risasi inayofuata huupasua mtutu. Kwa sababu hizo hutafutwa baruti inayolijaza ganda vya kutosha na inayowaka kwa utulivu hata ikipunguzwa. H4895, kwa mfano, imeruhusiwa na mtengenezaji wake kushushwa hadi asilimia 60 ya kiwango cha juu kilichochapishwa. Ruhusa hiyo haihamishwi kwa baruti nyingine, hata yenye jina linalokaribiana nayo.

Upole huo una gharama yake porini. Kichwa cha risasi ya kuwindia hutengenezwa kipanuke kinapoingia mwilini, na vingi huhitaji kasi ya karibu mita 550 kwa sekunde ili vipanuke ipasavyo, hivyo huchaguliwa vyenye kiini laini cha madini ya risasi kuliko vya shaba tupu. Risasi ya polepole pia huanguka zaidi: ikilinganishwa na ile kali, tofauti katika mita 100 ni kama sentimita 4, lakini katika mita 200 hupita sentimita 15, ilhali eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa takriban sentimita 20. Kwa hiyo wakufunzi humzuilia kijana umbali usiozidi sana mita 100, na darubini ya bunduki hurekebishwa upya kwa risasi hizo hafifu, kisha hurekebishwa tena siku atakapohamia zile za nguvu kamili.