Ukuta wa Moto Hauzimi Moto Uliowashwa Ndani

Wiki iliyopita nimeisikia tena ile imani ya faiawoli, yaani ukuta wa moto wa kompyuta, safari hii kwenye duka la dawa pale Chikongola. Nimeitwa kuangalia kompyuta iliyokuwa nzito. Naikuta imejaa programu za ajabu, kivinjari kinafungua matangazo chenyewe, na kabla sijasema neno mwenye duka ananiuliza, "Lakini fundi, faiawoli si ipo? Si uliiwasha mwenyewe?" Ni kweli, niliiwasha. Bado imewaka, inafanya kazi yake vizuri, na haihusiki hata kidogo na yale niliyoyakuta.

Kazi yangu ni kompyuta na mitandao hapa Mtwara mjini, na msimu wa korosho ukifika nazunguka hadi Masasi, Newala na Lindi, maana ndipo ofisi nyingi zinakumbuka kwamba mashine zao zilikuwa mbovu tangu Aprili. Katika mizunguko yote hiyo hakuna imani inayonichosha kama hii: kwamba ukishakuwa na ukuta wa moto, hakuna kibaya kinachoweza kuingia.

Jina lenyewe limetoka kwa wajenzi. Ukuta wa moto ni ule unaosimamishwa kati ya jengo na jengo ili moto wa jirani usivuke. Aliyekulia kwenye mtaa wa nyumba za makuti anaelewa thamani yake bila kufundishwa, maana anajua upepo ukiwa mkali cheche moja ya nyumba ya tatu inaweza kuwa msiba wako. Lakini jiko likipinduka ndani ya nyumba yako mwenyewe, ukuta ule hauna habari. Umesimama palepale, mzima, nyumba inateketea.

Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Ukuta unaangalia pakiti za data, vile vipande vidogo vya taarifa vinavyosafiri mtandaoni: zimetoka anwani gani, zinaelekea mlango gani, kwa itifaki gani, yaani kanuni gani za mawasiliano. Ule uliomo ndani ya Windows, ambao unakuja ukiwa umewashwa tangu Windows XP ilipopata Service Pack 2 mwaka 2004, una desturi moja ambayo wateja wangu wengi hawaijui. Mgeni anayebisha bila kuitwa hafunguliwi. Kinachotoka ndani kinaachwa kitoke, na majibu yake yanaachwa yarudi. Na lazima iwe hivyo, la sivyo usingeweza kufungua hata ukurasa mmoja wa habari. Sasa ukibofya kiungo, ukapakua faili, ukafungua kiambatisho, nani ameanzisha mazungumzo? Ni wewe. Ukuta unaona mwenye nyumba katoka, kamwita mtu, mtu kaja. Unampisha.

Tena siku hizi sehemu kubwa ya mawasiliano ya wavuti inasafiri ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa maandishi ya siri, kwa hiyo ukuta wa kawaida unaona bahasha, hauoni barua. Sisi watu wa kusini tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa hili. Kelele kuhusu kokoto kukutwa ndani ya magunia ya korosho tulizisikia wote. Mlinzi wa geti la ghala anakagua lori na karatasi. Gunia lililoshonwa halifumui.

Kuna ofisi moja ninayoihudumia ambayo haitoki akilini mwangu. Mama mhasibu alipokea baruapepe yenye kiambatisho kilichoitwa ankara ya usafirishaji, na siku hiyo kweli alikuwa anasubiri ankara ya usafirishaji. Akakifungua. Kikaomba ruhusa ya kuwasha makro, programu ndogo iliyofichwa ndani ya faili, akakubali, kwa sababu kompyuta inaomba ruhusa za kila namna kutwa nzima na mtu ana kazi ya kumaliza. Nilipofika saa kumi jioni nilimkuta amesimama nyuma ya kiti chake, hataki hata kukikalia. Kwenye skrini majina ya faili yalikuwa yaleyale anayoyajua, ya mishahara, ya stakabadhi, ya madai ya wakulima, ila kila moja lilikuwa limeongezewa herufi tano za ajabu mwishoni, na picha zao zote zimegeuka karatasi nyeupe tupu. Pembeni ya kibodi kulikuwa na diski ya nje, ile ya akiba, taa yake ndogo ya buluu inapepesa haraka haraka. Ilikuwa inapepesa kwa sababu nayo ilikuwa inasimbwa wakati huohuo, mbele ya macho yetu. Nikaichomoa, nikachomoa na waya wa mtandao, lakini tulikuwa tumeshachelewa.

"Mwanangu," akaniambia, "si ulisema tuna ukuta?"

Nilimjibu, "Mama, ukuta upo. Hiki hakikupanda ukuta. Kiligonga mlangoni kwa jina la mtu unayemngoja." Aliumia, na mimi niliumia, kwa sababu rekodi za watu zilikuwa humo, watu waliokuwa wanasubiri malipo ya mwaka mzima.

Kwa hiyo nalisema hili kila ninapokwenda, na wengine wameshanichoka: diski ya akiba iliyochomekwa saa ishirini na nne si akiba. Ni folda nyingine tu ya kompyuta hiyohiyo. Nunua diski mbili. Nakili, chomoa, funga kwenye droo; wiki ijayo tumia ya pili. Kati ya ushauri wote ninaotoa huu ndio wa bei nafuu zaidi, na ndio unaopuuzwa zaidi, kwa sababu mtu ameshaamini kwamba ukuta unatosha.

Halafu wapo wanaotoboa ukuta wenyewe kisha wakasahau tundu. Mwenye nyumba ya wageni mmoja huko Lindi alitaka kuziona kamera zake akiwa Dar es Salaam. Aliyezifunga alifungua mlango kwenye ruta ili mashine ya kurekodi ionekane kutoka nje, akalipwa, akaenda zake. Nywila ikabaki ileile ya kiwandani. Nilimwomba ruhusa mzee yule, nikazima Wi-Fi kwenye simu yangu nikabaki na bando langu mwenyewe, nikaandika anwani ya mtandao wake, jina la mtumiaji admin, nywila 12345. Picha ikafunguka: kaunta ya mapokezi, saa ya ukutani, na sisi wawili tumeinamia simu. Mzee akainua kichwa akaitazama kamera, kisha akarudi kuitazama simu, na sekunde mbili baadaye akajiona anainua kichwa. Hakuniuliza swali lingine kuhusu faiawoli. Aliniuliza namna ya kubadilisha nywila.

Vifaa vya namna hiyohiyo ndivyo vilivyotumiwa na Mirai mwaka 2016. Programu hiyo ilizunguka intaneti ikitafuta kamera, mashine za kurekodi na ruta, ikijaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani, kisha ikavigeuza jeshi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa inaelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na watu wengi huko na Ulaya wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua kitu. Kamera zao ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Hapo ndipo napojibu pia wale wanaoniambia, "Mtwara huku nani atatutafuta, sisi wadogo?" Hakuna anayekutafuta kwa jina. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa chombo kiitwacho ZMap, chenye uwezo wa kubisha kwenye anwani zote za IPv4, ule mfumo wa zamani wa anwani za intaneti unaotumika bado, anwani takriban bilioni 4.3 ukihesabu zote, kwa chini ya dakika 45 kwa kompyuta moja na laini nzuri. Mashine inayobisha haijui kama mlango ni wa benki London au wa steshenari Magomeni. Ukifunguka, inaingia.

"Apdeti zinamaliza bando." Hili silidharau, bando ni hela. Lakini WannaCry, programu ya kusimba faili kama ile iliyomkuta mama mhasibu, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 ikasimamisha hospitali za Uingereza na kufika nchi zaidi ya 150, kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu ililolitumia, kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi 14. Miezi miwili kasoro siku mbili. Na angalia ilivyosambaa: ikishaingia kwenye mashine moja, ilirukia nyingine za ofisi hiyohiyo kupitia mlango 445, ule wa kugawana faili. Ukuta wa kwenye ruta ulikuwa unatazama barabarani wakati moto unatembea ukumbini. Kwa bando kuna dawa: kwenye Windows washa ile sehemu inayoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kupeana apdeti, ili mashine moja ikishapakua, nyingine zichukue kwake badala ya kila moja kurudi intaneti. Ofisi yenye kompyuta tano itaona tofauti mwezi wa kwanza. Ila kama mashine ni ya Windows 10, ujue muda wake wa kawaida wa apdeti uliisha Oktoba 2025, na hilo tulizungumze mapema, si siku ya mnada wa korosho.

"Printa imegoma, zima faiawoli." Hapana. Ruhusu printa peke yake, dakika tatu tu. Nimekuta kompyuta zilizozimwa ukuta miaka miwili kwa ajili ya printa ambayo ilishakufa ikauzwa chuma chakavu.

"Kompyuta yetu haina intaneti kabisa, haiwezi kupata virusi." Na flashi je? Ile inayotoka steshenari, folda zake zote zimegeuka njia za mkato? Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010, iliharibu mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz huko Iran, kwenye mtandao ambao haukuunganishwa na intaneti. Iliundwa iweze kusafiri kwa flashi.

"Tovuti ina alama ya kufuli, ni salama." Kufuli lilimaanisha tu kwamba maongezi yenu hayasikilizwi njiani. Kama unayeongea naye ni tapeli, unaongea na tapeli kwa faragha. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Yule mama mhasibu sasa ana diski mbili, moja ameiandika Jumatatu kwa makapeni, nyingine Alhamisi. Ya Alhamisi haikai ofisini. Anaifunga kwenye kitambaa, anaitia mkobani, inalala kwake Shangani, na juzi nilipompigia kumkumbusha aliniambia ameshaichomoa tangu saa nane.