Je, wajua kwa nini mtaa huchangamka watoto wakitoka shule?

Umeme ukikatika Mwananyamala, Dar es Salaam, watu wazima hunung'unika kila mtu kwake. Ukirudi, watoto wa nyumba zote hupiga ukelele mmoja: "Umemeee!" Unaanzia uchochoro huu, unadakwa na ule, mpaka na wewe uliyekaa barazani umenuna unajikuta unatabasamu. Umeme umerudi kwa wote, lakini mbona waliokuchangamsha ni watoto?

Sehemu ya jibu ni kicheko chenyewe. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aliona kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka takriban mara 30 zaidi ya anavyocheka akiwa peke yake. Kicheko huambukiza kama mwayo. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake nao waliona kwamba watu wakishacheka pamoja huweza kustahimili maumivu zaidi, jambo walilolihusisha na endofini, kemikali za mwilini zinazotuliza maumivu na kuleta raha.

Ila kwangu mimi, jibu kubwa liko miguuni mwa watoto. Mtu mzima akihamia nyumba ya kupanga anaweza kumaliza miezi akiwasalimia majirani juu juu tu. Mtoto wa miaka mitano, siku ya pili tu, ameshaingia uani kwa watu, ameshajua nani anafuga njiwa na nani anakaanga mihogo. Jioni anarudi na kipande mkononi. Hukumpa wewe, kwa hiyo inakubidi utoke ukashukuru, na hapo ndipo ujirani unapoanza. Hata jina la mtaani utapewa na yeye. La kwenye kitambulisho halina kazi huku. Wewe ni Mama Zuhura, basi.

Kaa kidogo uangalie rede saa kumi na nusu jioni. Mpira ni soksi iliyojazwa matambara ikashonwa mdomo. Wawili wanarusha, mmoja kila upande, na walio katikati wanakwepa. Msichana mmoja anajikunja, mpira unampita sikioni, wenzake wanashangilia. Mama chapati anageuka na mwiko mkononi. Fundi cherehani anaacha kukanyaga. Dereva wa bodaboda anapunguza mwendo, anasubiri wampishe. Watu watatu ambao hawakuwa na sababu ya kuangaliana sasa wanabishana kama mpira umemgusa au haukumgusa.

Mchezo huo unataka njia isiyo na magari mengi. Mwaka 1969, Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco, Marekani. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakazi wa mtaa mtulivu walikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani kwao. Wa ule wenye magari mengi hawakufikisha hata mmoja. Vichochoro vyetu vingi vya Dar es Salaam havikupimwa kwa ajili ya magari, na nadhani ndiyo maana rede, kombolela na gololi bado vipo. Naumia kila ninapoona kiwanja cha wazi kimezungushiwa ukuta. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 kinataja kucheza kuwa ni haki.

Juzi jioni mchezo ulikuwa umekolea, fundi akainua macho kwenye cherehani yake akauliza, "Yule mfupi wa jezi ya njano yuko wapi leo?" Hakuna aliyejua. Akatumwa mmoja, akaenda mbio akarudi akihema: "Ana homa, babu. Amelala." Fundi hakuwahi kuzungumza na mama wa yule mtoto zaidi ya salamu. Kabla ya adhana ya isha alikuwa mlangoni kwake anapiga hodi, na mama chapati alikuwa ameshatangulia na chupa ya uji.