Mbwa wako kazeeka au anaumwa?

Haya maswali tunayapata sana kliniki ya mifugo, tatizo mengi yanakuja mnyama keshazidiwa, kwahiyo nayajibu hapa.

Mbwa ni mzee kuanzia miaka mingapi?
7 hivi. Wale wakubwa kama German Shepherd na Boerboel wanawahi, wadogo wanachelewa. Paka weka 10 au 11.

Wangu ana miaka 9, siku hizi anakunywa maji sana na anakojoa mpaka barazani. Si uzee tu?
Hapana. Uzee hauleti kiu. Narudia maana hili ndo linatuulia wanyama: uzee hauleti kiu. Mara nyingi ni figo, au kisukari, au kama ni jike hajafungwa kizazi basi ni usaha kwenye kizazi. Usikisie, pima. Asubuhi mwekee maji kwa jagi lenye vipimo, kesho muda uleule angalia kilichobaki, akivuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mbwa wa kilo 20 anamaliza zaidi ya lita 2 kwa siku, mlete. Na jamani msiwanyime maji ili wasikojoe ndani! Mwenye figo mbovu ukimnyima maji unammalizia.

Usaha kwenye kizazi ndo nini?
Jike akishatoka kwenye joto, yaani kile kipindi cha kutaka dume, wiki chache mpaka miezi miwili baadaye, bakteria wanaingia kizazi kinajaa usaha. Anakunywa maji, chakula hataki, anatapika, anajilamba sana nyuma na wengine wanatoa uchafu unaonuka. Wasiotoa kitu ndo hatari zaidi, mlango wa kizazi umefunga usaha wote uko ndani, tumbo linavimba na mwenye mbwa anafurahi eti ana mimba, mbwa wa miaka 10 huyo. Tiba yake ni upasuaji haraka, sio sindano ya vitamini kutoka duka la dawa za mifugo.

Asubuhi anainuka kwa shida, nimpe diklofenaki nusu?
Usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni zinamtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo, ukiona choo cheusi tii ujue anavuja damu ndani. Paka ndo kabisaaa, panadol moja ya miligramu 500 inatosha kumuua. Viungo vinavyouma vina dawa zake za mbwa, kwahiyo kuchechemea nako usiseme ni uzee.

Paka anakula vizuri ila anakonda?
Sio uzee. Figo, kisukari au tezi ya shingoni, kipimo cha damu kitasema.

Kuna kauvimbe kwenye chuchu, nasubiri nione kama katakua.
Unasubiri nini sasa? Kwa mbwa karibu nusu ya uvimbe wa matiti ni saratani, kwa paka ni zaidi ya hapo. Kakiwa kadogo kukata ni rahisi.

Sina hela mpaka mwisho wa mwezi.
Kauvimbe kanaweza kusubiri siku kadhaa. Jike aliyetoka kwenye joto anakunywa maji sana na chakula hataki, huyo hasubiri, wala paka dume anayechuchumaa mkojo hautoki. Piga simu kliniki ueleze, malipo mtaongea. Na ukija taja dawa zote ulizokwisha kumpa, hata zile unazoona aibu kuzitaja.