Kijijini hakuna anwani ya siri

Watu wanaotaka kuanzisha makazi ya manusura wa ukatili wa nyumbani vijijini huniuliza kwanza habari za jengo: liwe wapi, ukuta uwe na urefu gani, lango liwe na mlinzi au la. Mimi huwarudisha barabarani. Njia za kuingia na kutoka eneo hilo ni ngapi? Askari wa karibu akipigiwa simu saa nane usiku atachukua muda gani kufika? Mtandao wa simu unakatikia wapi? Ukishapata majibu hayo, suala la jengo linakuwa jepesi, na mara nyingi unagundua kwamba hulihitaji.

Nyumba salama zilianzia mijini. Ile ya Chiswick, London, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni miongoni mwa za kwanza kujulikana duniani. Baadaye mashirika mengi yakajenga kinga yao juu ya anwani iliyofichwa, na mjini hilo linawezekana kwa kiasi, kwa kuwa mtu anaweza kuhamia mtaa wa pili asijulikane. Kijijini fundi aliyeezeka paa anaijua nyumba, mleta gesi anaijua, na gari geni likiegesha pale mara mbili, jirani atauliza la nani. Taarifa itamfikia mtesaji kabla ya wiki kwisha, pengine bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kwa hiyo mimi simwahidi mama yeyote siri. Ukimwambia hapa hatajulikana, atapanga usingizi wake, njia za watoto wake na kazi yake kwa kuliamini neno lako.

Tunachofanya badala yake ni kupanga nyumba za kawaida, moja hapa nyingine kule, na kumsaidia manusura aingie kwa mkataba wenye jina lake. Kodi ya mwanzo na amana tunalipa sisi, kisha msaada unapungua kadiri kipato chake kinavyosimama. Wazo la kumpa mtu makazi kwanza, bila kumdai atimize masharti kadhaa kabla ya kupewa ufunguo, lilijulikana kupitia Sam Tsemberis na shirika la Pathways to Housing, lililoanza New York mwaka 1992 kwa watu waliokuwa wakiishi mitaani huku wakiugua maradhi ya akili. Mwaka 2009, katika jimbo la Washington, Marekani, lilianza kujaribiwa kwa manusura wa ukatili wa nyumbani, na baadhi ya mashirika yaliyoshiriki yalikuwa ya vijijini. Kulikuwa na nguzo mbili ambazo hadi leo nazitegemea: mshauri anayemfuata manusura aliko badala ya kumsubiri ofisini, na fedha zisizofungwa kwenye fungu moja.

Hizo fedha ndizo zinazonigombanisha na wahasibu. Wanataka kila senti iitwe kodi. Lakini kuna manusura ambaye nyumba anayo, tatizo ni vitasa ambavyo funguo zake ziko kwa watu wawili. Mwingine anahitaji gari litengenezwe, kwa sababu kazi iko mbali na hakuna usafiri wa umma, na bila kazi kodi haitalipika. Mwingine ana deni la umeme lililoandikwa kwa jina lake na mtu aliyekuwa akimtesa, na hakuna mwenye nyumba atakayempokea na deni hilo. Gharama ndogo iliyolipwa mapema inaokoa miezi ya kodi. Bajeti isiyo na fungu la namna hii, bora uirudishe kwa mfadhili mzungumze upya.

Na usidhani kila anayekuja anataka kuhama. Mwanamke wa mjini akiondoka anaacha nyumba. Wa kijijini anaacha nyumba, shamba, mifugo, na pengine ajira, kama ajira yenyewe ilikuwa ni hilo shamba. Nimewasikia wengi wakisema wangeondoka zamani kama si wanyama, kwa kuwa mtesaji anajua wazi kwamba akimpiga ng'ombe au mbwa, mwenye mnyama atarudi. Ndiyo maana katika mazungumzo ya mwanzo tunauliza kuhusu mifugo sambamba na watoto: nani ataichunga, inaweza kuhamishiwa wapi, hati za umiliki zina jina la nani. Pale ambapo mahakama inaweza kumtoa mtesaji nyumbani kwa amri ya ulinzi, tunamsaidia manusura abaki kwake, mradi umbali wa polisi unaruhusu. Amri ya mahakama isiyo na mtu wa kuitekeleza kabla ya mapambazuko ni karatasi.

Hapo ndipo hesabu ya dakika inapoingia. Utafiti juu ya vifo vya wanawake mikononi mwa wenza wao umeonyesha mara kwa mara kwamba kipindi cha kuachana ni cha hatari kubwa. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitengeneza katika miaka ya 1980 dodoso la kupima hatari hiyo, na bado linatumika. Utafiti wa mwaka 2008 ambao yeye alishiriki ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa shingo na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa naye zaidi ya mara 7 kuliko asiyekabwa. Hivyo kukabwa, silaha ndani ya nyumba na vitisho vya kuua tunaviuliza kwa majina yake, hatuzungukizunguki. Majibu yakiwa mazito na msaada uko mbali, simpangii nyumba ya upweke mwisho wa barabara hata ikiwa nzuri na kodi yake ndogo. Napendelea chumba kibovu kidogo chenye jirani ukutani na njia mbili za kutokea.

Simu nayo ni sehemu ya nyumba. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtesaji, akaunti ya barua pepe anayoijua nywila yake, kishikwambi cha mtoto kinachoonyesha kilipo, kifaa kilichobandikwa chini ya gari: vyote hivyo vinamfikisha mlangoni. Wafanyakazi wapya hukimbilia kuvifuta. Nawazuia. Ishara ikizimika ghafla, mtesaji anajua kuna jambo, na wakati mwingine ndiyo anapanda gari. Manusura mwenyewe ndiye achague lini kizimwe na kizimwe akiwa wapi. Kwa barua, jimbo la Washington lilikuwa na mpango wa anwani mbadala tangu 1991, yaani barua zinapitia anwani ya serikali badala ya ile anakoishi manusura, na majimbo mengine mengi ya Marekani yakafuata. Pasipo sheria ya namna hiyo, sanduku la posta katika mji ambao manusura haendi kwa shughuli nyingine linasaidia.

Wenye nyumba kijijini ni wachache, na wana ndugu. Kabla hatujaenda kutazama nyumba yoyote, manusura anatajiwa mwenye nyumba ni nani, kwa kuwa manusura mwenyewe ndiye anayejua nani kaoa kwa nani na nani walisoma pamoja. Mara nyingi nyumba inakataliwa hapo hapo, na ni afadhali. Mwenye nyumba tunamweleza anayopaswa kujua: nani analipa, lini, na ampigie nani bomba likipasuka. Sababu ya msaada hatuitaji, na jina linaloonekana kwenye malipo halina neno ukatili wala manusura ndani yake. Magari yetu hayana nembo. Kitu kinachotuletea nyumba nyingi kuliko semina zote ni kulipa tarehe ileile kila mwezi na kumtuma fundi siku ileile tunapopigiwa.

Taarifa ni ngumu kuzitunza kuliko nyumba. Mfadhili anataka takwimu kwa kata, umri na idadi ya watoto. Katika jiji hizo ni namba tu, lakini ukiandika kwamba katika eneo fulani umemhudumia mwalimu mmoja mwenye watoto 5, umeshamtaja. Sisi tunaunganisha maeneo kadhaa katika ripoti na hatuandiki kundi lenye watu wachache, hata mfadhili akinuna. Ndani ya ofisi nako kuna undugu. Mfanyakazi mwenye uhusiano na upande wowote anasema tu kwamba faili hilo halimhusu, haulizwi kwa nini, na mfumo unamfungia. Akikutana na manusura dukani au kwenye ibada, hamsalimu mpaka asalimiwe. Hili la mwisho linawaumiza watu waliolelewa wamsalimu kila mtu, na nawaelewa.

Masharti ya makazi yetu ni mafupi, ni yale ya mpangaji yeyote. Hatumlazimishi kwenda kwenye ushauri nasaha, kufungua kesi, wala kumwacha mtesaji ili abaki na nyumba. Akirudi kwake, hatumfungi faili kwa hasira, maana wengi huondoka zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja, na aliyefukuzwa mara ya kwanza hapigi simu mara ya pili. Wafadhili huliona hilo kama kushindwa. Mimi hulipangia bajeti, pamoja na nyumba moja inayokaa bila mpangaji kwa makusudi na mafuta mengi ya gari kuliko wanavyotegemea. Gharama kwa kila familia kijijini huonekana kubwa ukiilinganisha na mjini, kwa sababu mshauri anatumia nusu ya siku barabarani kumwona mtu mmoja. Weka safari hizo kwenye pendekezo tangu mwanzo, zisionekane baadaye kama matumizi yaliyopita kiasi.

Msaada wa kodi unapokaribia kwisha tunakaa na manusura miezi kadhaa mapema, tunaangalia kipato, matunzo ya watoto kama yanalipwa kweli, na kama mkataba unaweza kuendelea bila sisi. Tunakubaliana pia kama anataka tumtafute baadaye. Akikubali, anatupa namba, saa za kupiga, na jina tutakalojitambulisha nalo akipokea mtu mwingine. Akikataa, namba yake inafutwa siku hiyo, na yeye anabaki na yetu.